Pikipiki Ilale Kurui

Tangu nirudi wiki iliyopita nimeisimulia safari hii vipande vipande: kwa jirani yangu dukani, kwa wenzangu wa kwaya, kwa binti yangu kwenye simu. Sasa naona vipande vimeanza kugombana. Mmoja ameniuliza kama ni kweli nililala porini na mzungu. Mwingine amesikia nimekamata mwizi wa pikipiki. Basi nimekaa niandike mara moja, msome nyote, na anayetaka kuongeza chumvi aongeze ya kwake.

Mnanijua. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na mbili, nimestaafu, nafuga kuku hapa Mkuza. Namna nilivyopata kazi ya ukalimani haina hadithi. Mkalimani wao aliugua, mtu akanitaja. Nikaambiwa nitafuatana na mgeni wa serikali ya Marekani, mama mmoja anaitwa Helen, pamoja na Daktari Sanga wa afya mkoani, kwa siku mbili. Zikawa tatu.

Shughuli yenyewe mnaijua kwa juu juu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na za vipimo, na za magari ya kufikisha dawa vijijini, ilitoka Marekani. Mwaka jana tukasikia redioni misaada imesimamishwa. Baadaye tukasikia mingine imerudi. Kisha serikali hizi mbili zikakaa kuzungumza nani abebe nini, na kuanzia lini. Helen alikuwa miongoni mwa wanaozungumza. Kabla hajarudi mezani alitaka aone kwa macho yake vifaa ambavyo serikali yake inaviacha mikononi mwa serikali yetu. Kwenye karatasi zao jambo hilo liliitwa makabidhiano.

Mkuza hadi Zegereni

Shabani, dereva, alinipitia saa moja asubuhi. Ni Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa miaka hamsini hivi, anaendesha kwa mkono mmoja na kupungia watu kwa mwingine. Nyuma walikaa Daktari Sanga na mgeni. Helen ni mwanamke mrefu, nywele zimeanza mvi, viatu vya mtu anayejua atakanyaga tope. Akaniamkia, "Shikamoo," nami nikaitikia kwa raha. Nilikuja kugundua amefundishwa neno hilo moja na analitumia kwa wote. Kule Zegereni alimwamkia mlinzi wa getini, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Mlinzi akaangalia huku na huku, akajibu polepole, "Marahaba," kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake.

Mlinzi huyo alituweka getini kwa saa moja na nusu. Hapo ni kiwanda kimoja chenye chumba cha kliniki, ambako wafanyakazi wanapima na kuchukua dawa bila kupoteza zamu. Tulikuwa tunatarajiwa, barua ilikuwa imekwenda.

"Nimeambiwa leo utakuja ujumbe kutoka mkoani," mlinzi akasema.

"Ndio sisi," akajibu Daktari Sanga.

"Hapana, mzee. Ujumbe. Simu ninayo mkononi tangu saa moja, haujaingia. Ukiingia tu nafungua."

Daktari Sanga akamweleza kwamba ujumbe ni watu waliotumwa. Mlinzi akamtazama kwa huruma. Alikuwa na adabu zote, alituletea hata benchi tukae kivulini, ila geti hakufungua. Mwisho Shabani akashuka, akamwomba namba yake, akarudi garini na kumwandikia: Ujumbe umefika. Simu ikalia. Mlinzi akasoma, akaliondoa benchi, akafungua geti kwa mikono miwili.

Helen aliniuliza kimetokea nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo leo," akasema, "mimi ni ujumbe mfupi wa simu."

Ndani tulizungumza na dada mmoja wa idara ya kufungasha. Zamani, alisema, alikuwa akiomba ruhusa kila mwezi kwenda kliniki, akisingizia ana mgonjwa nyumbani. "Mwisho msimamizi akaniuliza, huyo mgonjwa wako haponi wala hafi?" Sasa anachukulia dawa hapo hapo, za miezi sita kwa mkupuo, na amepumzika kusema uongo. Helen aliandika maneno hayo yote, na akaniomba nirudie ya msimamizi.

Zegereni hadi Kisarawe

Njia ya kutokea Kibamba kwenda Kisarawe si ndefu, lakini lori la kokoto lilikuwa limelala kwenye kona na foleni haikusogea. Tukashuka kula kwa mama lishe aliyekuwa karibu. Wali, maharage, dagaa wa kukaanga. Nilimwonya Helen kuhusu vichwa vya dagaa, alikuwa ameshavitafuna. Mama lishe akaniuliza, "Huyu ni shemeji yetu?" akidhani ni mke wa Daktari Sanga. Nilivyotafsiri, Daktari Sanga akaacha kijiko. Helen akamwambia mama lishe kwamba hapana, wao ni serikali mbili tu zinazokula meza moja. Mama lishe akasema hata ndoa huanza hivyo.

Tulifika Kisarawe alasiri. Kwenye ofisi tulikopokelewa tulipewa korosho kwenye sahani ya bati, na orodha ya vifaa ikasomwa: jokofu, mizani, kompyuta, makasha ya baridi ya kubebea dawa, na pikipiki moja iliyoko kwenye zahanati ya kijiji kimoja katika kata ya Kurui. Jina la kijiji nitaliacha. Wenyewe wameniomba, na mkisoma mtaona sababu.

Pikipiki ile ndiyo aliyotaka Helen kuiona kuliko vyote. Zamani gari la mradi lilikuwa likipeleka dawa vijijini kila mwezi. Gari liliposimama, pikipiki ndiyo iliyobaki.

Daktari Sanga akapiga simu kwa muuguzi wa zahanati ile, akaweka spika ili sote tusikie.

"Nesi Rehema, kesho tunakuja na mgeni kutoka Marekani. Ni kwa ajili ya makabidhiano ya vifaa. Vyote viwepo."

Tukasikia ndoo ikiwekwa chini upande wa pili.

"Vyote, daktari?"

"Vyote. Na pikipiki."

"Sawa, daktari."

Mimi niliisikia sauti ile. Miaka thelathini na mbili nimesikia wanafunzi wakisema "sawa, mwalimu" kwa sauti hiyo hiyo, na kila mara maana yake ilikuwa ni hapana. Lakini sikuwa na kazi ya kutafsiri sauti. Nikala korosho zangu.

Kisarawe hadi Maneromango

Usiku ule mvua ilinyesha kama imekodishwa. Asubuhi ilikuwa bado inanyesha, tukatoka tukiwa na matumaini ya kufika Kurui mchana. Lami ilipoishia, matumaini nayo yakaishia. Gari lilitambaa, likateleza, likazama hadi mlangoni. Shabani akashuka, akalizunguka, akatangaza kwamba hapo hatutoki leo bila jembe na watu.

Kulikuwa na nyumba ng'ambo ya shamba la minanasi. Tukapiga hodi. Akatoka mama mmoja mnene, mchangamfu, akatukaribisha jikoni kwenye moto bila kutuuliza sisi ni nani. Mumewe na jirani zake wawili wakachukua majembe wakaenda na Shabani. Helen naye akataka kwenda kusukuma. Nikamwambia mwenye nyumba anamwomba akae, mvua ni kali. Akaniuliza, "Amesema hivyo kweli?" Nikakiri kwamba hapana, ni mimi ninayeomba. Akaenda. Alirudi na tope hadi kiunoni, anatabasamu kama mtoto wa chekechea, na kuanzia hapo watu wa nyumba ile wakamwita Mama Tope.

Tukalishwa mihogo ya kuchoma na nanasi lililokatwa wakati huo huo. Helen na Daktari Sanga walikuwa kwenye kibaraza wanakausha viatu. Mama mwenye nyumba akanisogelea.

"Mwalimu, huyu ndiye anayekwenda kubeba pikipiki ya dawa?"

"Kubeba?"

"Si ndiyo habari iliyotufikia jana? Kwamba Wamarekani wanachukua vyao." Akageuza mhogo motoni. "Wala haonekani mtu mbaya."

Nilimwambia amesikia vibaya, haji kubeba chochote. Akaitikia "haya" kwa upole, namna mtu anavyoitikia jambo asiloliamini. Ningepaswa kutoka pale pale nimwambie Daktari Sanga. Sikutoka. Nilijiambia ni maneno ya jikoni, hayakusemwa kwa mgeni, na mkalimani hachukui maneno ya jikoni kuyapeleka kibarazani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na moto ulikuwa mtamu.

Gari lilichomoka alasiri. Tulifika Maneromango jioni, tukapata vitanda kwenye nyumba ya wageni ya usharika wa kanisa. Chakula kilikuwa ugali, maharage na chai ya tangawizi. Daktari Sanga alikwenda kulala mapema. Mimi na Helen tukabaki mezani.

Akaniuliza kwa nini nilikubali kazi hii, mtu mwenye pensheni yake na kuku wake. Nikamwambia habari za mdogo wangu Elineema, ambazo wengi wenu mnazijua na wengine mlizisikia kwa jina jingine. Alifariki kule Same kabla dawa hizi hazijafika kwetu. Tulimzika tukisema ni kifua. Mama alisema kifua mpaka naye akaenda. Dawa zilipoanza kutolewa bure, nilikaa darasani nikiwaza kwamba mdogo wangu alipitwa na miaka michache tu, kama mtu anayefika stendi akakuta basi ndiyo linatoka. Tangu hapo nimetaka kuona hizo dawa zinatoka wapi na zinakwenda wapi.

Helen hakusema pole haraka haraka. Aliniongezea chai kikombeni, kisha akasema kwamba yeye ameifanya kazi hii nusu ya maisha yake, na mwaka uliopita alishuhudia wenzake wengi wakiondoka na maboksi ya vitu vyao. "Mimi nimebaki kufunga milango vizuri," alisema. "Nataka angalau isijifunge kwenye vidole vya mtu."

Maneromango hadi Kurui

Siku ya tatu kulikucha kweupe. Barabara ilikuwa imeanza kushika, na tulifika kijijini saa nne.

Zahanati ni ndogo na safi, sakafu imepigwa deki hadi unaona uso wako. Nesi Rehema alitupokea, dada wa miaka thelathini na kitu, amevaa sare iliyopigwa pasi ikasimama. Viti vimepangwa. Wanakamati wanne wa afya ya kijiji wamekaa. Jokofu lilikuwepo, mizani ilikuwepo, makasha ya baridi yamepangwa kama yanasubiri kupigwa picha.

"Na pikipiki?" akauliza Helen. Nikatafsiri.

"Pikipiki iko safarini," akajibu Nesi Rehema.

"Safari ya wapi?"

"Mbali kidogo."

"Inarudi lini?"

"Ikimaliza."

Nilitafsiri neno kwa neno. Helen akaandika. Akauliza ni nani anaiendesha. Nesi Rehema akasema dereva wake ni yeye mwenyewe. Hapo hata kalamu ya Helen ikasita. Daktari Sanga alianza kutoka jasho la pua. Akamuuliza muuguzi kwa sauti ya chini kama pikipiki imeibwa. Hapana. Imeuzwa? Hapana. Basi iko wapi? Iko safarini. Wanakamati wanne walikuwa wanatazama sakafu, wakijiona nyuso zao.

Helen aliniambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kitu kisichoonekana hawezi kukiandika kuwa kimekabidhiwa. Ataandika kimepotea. Na mahali palipoandikwa kimepotea, ni vigumu kuombea kingine. Hakuwa na hasira. Alionekana kuumia, na hilo lilinisumbua zaidi.

Nikaomba dakika tano za kunawa uso.

Nyuma ya zahanati kuna nyumba, na uani kulikuwa na mwanamke anapika. Ni Bi Mwanahawa, mhudumu wa afya wa kijiji, mkulima, anakaribia umri wangu. Tulikuwa tumesalimiana wakati wa kuingia. Ndiye anayewafuata nyumbani watu waliokatisha dawa, na yeye mwenyewe anaishi na virusi, mwaka wa kumi na nne sasa, na halifichi jambo hilo kwa yeyote.

Nikamwambia, "Bi Mwanahawa, mambo yameharibika mle ndani. Mgeni ataandika kwamba pikipiki imepotea."

Akafunika sufuria. "Akiandika imepotea, atafanyaje?"

"Ataondoka."

"Na pikipiki?"

"Ambayo haipo?"

Akanitazama, akaamua. "Ipo. Iko chumbani kwangu, kati ya kitanda na kabati. Nimeifunika khanga mbili. Tumeing'oa milango jana ili ipite."

Nikakaa kwenye kinu kilichokuwa kimelazwa pale.

Akanieleza bila kuinua sauti. Gari la mradi lilipoacha kuja, muuguzi hakuweza kufunga zahanati, kwa hiyo alikwenda yeye, Mwanahawa, na wanawake wenzake wawili, kwa miguu hadi Maneromango na kurudi, wamebeba dawa za kijiji kwenye furushi. Walikwenda mara tatu. Mwenzao mmoja, mama wa watoto wanne, aliona haya dawa zake kuja kwenye furushi la watu, akaacha kuzimeza kimya kimya. Walipomgundua alikuwa hawezi kusimama. Pikipiki ilikuwa imekaa bila mafuta. Wakachangishana mafuta, Nesi Rehema akampakia hadi hospitali, kisha akawa anampelekea dawa nyumbani jioni jioni. "Leo yuko shambani anapalilia," Bi Mwanahawa akasema. "Sasa juzi daktari anapiga simu, makabidhiano. Sisi tukajua tunatakiwa tukabidhi."

"Lakini si hivyo. Serikali yao ndiyo inayoikabidhi serikali yetu. Pikipiki inakuwa mali ya wilaya."

"Wilaya iko wapi?"

"Kisarawe."

"Basi ni kuchukuliwa kule kule, ila aliyebeba ndiye amebadilika."

Nimefundisha watoto maana ya maneno maisha yangu yote, na mama huyu alikuwa ameiona maana ambayo mimi, mgeni na daktari tulipita juu yake kwa siku tatu. Nikamwambia niko tayari kwenda kumweleza Helen.

"Usimweleze wewe," akasema, akijifunga khanga vizuri. "Mimi nitasema, wewe unifikishie. Usipunguze."

Akaingia, akabaki amesimama ingawa alipewa kiti.

"Mama mgeni, tumekudanganya," alianza. Nesi Rehema akafumba macho. Mimi nikatafsiri, na sikupunguza. "Pikipiki haiko safarini. Nimeificha mimi, muuguzi asilaumiwe. Tulisikia mnakuja kuichukua. Sasa mwalimu amenieleza kwamba nyie hamchukui, inachukuliwa na wilaya. Mimi nashukuru kwa dawa, miaka kumi na minne nimeishi kwa hizo dawa, nimeona wajukuu. Lakini dawa ikikaa Maneromango na mimi nikakaa hapa, hiyo ni dawa ya Maneromango. Nyie wakubwa mnapopeana vitu, mnapeana juu ya vichwa vyetu. Nataka nijue jambo moja tu. Pikipiki hii italala wapi?"

Helen aliweka kalamu chini.

"Nimekaa kwenye mikutano mingi ya jambo hili," alisema, nami nikawa nageuza sentensi moja moja. "Tumezungumza nani atanunua dawa, nani atalipa wauguzi, mwaka upi nani apunguze na nani aongeze. Nimesoma karatasi zote. Hakuna hata moja inayosema pikipiki italala wapi." Akamgeukia Daktari Sanga. "Daktari, mimi sina mamlaka ya kulijibu swali hilo. Unayo wewe."

Daktari Sanga ni mtu wa taratibu. Alisema chombo cha serikali lazima kiandikishwe wilayani. Bi Mwanahawa akasema kiandikishwe. Daktari akasema wilaya ina haki ya kukihamisha penye uhitaji zaidi. Bi Mwanahawa akasema hapo ndipo penye ubishi. Wakabishana kwa heshima zote, "daktari wangu" huku na "mama yangu" kule, kwa karibu saa nzima. Mimi nilimnong'oneza Helen kila neno, na mzee mmoja wa kamati naye akasimama kuuliza mafuta yatatoka wapi.

"Yatawekwa kwenye bajeti ya wilaya," Daktari Sanga akasema.

"Yasipofika?" akauliza Bi Mwanahawa.

Daktari Sanga akafikiri. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Angeweza kusema yatafika. "Yasipofika, nipigie mimi."

"Basi na namba yako iandikwe."

Ikaandikwa. Karatasi ya makabidhiano ilikuwa imechapwa tayari, kwa lugha zote mbili, kwa hiyo nyongeza niliiandika mimi kwa mkono pembeni, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Pikipiki ni mali ya wilaya. Kituo chake ni zahanati hii, na italala hapa. Haitahamishwa bila kamati ya afya ya kijiji kukaa na kukubali. Helen akaweka sahihi pembeni ya mstari huo, Daktari Sanga akaweka, Nesi Rehema akaweka kwa niaba ya zahanati. Bi Mwanahawa akasema na yeye ataweka. Daktari Sanga akasema fomu haina nafasi yake. Bi Mwanahawa akaichukua kalamu, akatafuta nafasi, akaandika jina lake lote herufi moja moja.

Kuitoa pikipiki chumbani kulichukua muda mrefu kuliko majadiliano. Milango ilikuwa imerudishiwa na mvua imeivimbisha. Shabani alifungua kioo kimoja cha pembeni cha pikipiki, kisha cha pili, kisha akaanza kuuangalia ukuta. Hatimaye ikatoka kinyumenyume, khanga moja bado imening'inia kwenye usukani. Watu wakapiga makofi. Nesi Rehema alipiga kiki mara moja ikaitika, na nikamwona analia na kucheka.

Tukala. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi kilichopondwa kikalainika kama siagi, kuku wa kienyeji aliyekuwa ameandaliwa tangu asubuhi. Kumbe walikuwa wamepanga kutudanganya na kutulisha vizuri kwa wakati mmoja. Helen aliomba kisamvu mara mbili. Bi Mwanahawa akaniambia nimwambie kwamba mtu anayekula hivyo hawezi kuwa mchukuzi wa vitu vya watu. Nikafikisha.

Kurui hadi nyumbani

Tuliondoka saa nane. Garini Daktari Sanga alikuwa anaandika kwenye simu yake, na nilipochungulia niliona ni orodha ya zahanati nyingine, na mbele ya kila moja ameweka alama ya kuuliza. Helen alikuwa ameikunjua karatasi magotini na kuusoma tena ule mstari wangu wa pembeni. Akaniuliza kama kwa Kiswahili kulala kwa pikipiki ni neno la kawaida au la kishairi. Nikamwambia la kawaida kabisa. Magari yetu hulala, mizigo hulala, hata kesi hulala.

Hatukufika mbali. Kabla ya Maneromango tukapata pancha, na jeki ikawa inazama kwenye udongo laini. Tulikuwa tumechuchumaa sote wanne kando ya gurudumu, tunatafuta jiwe la kuweka chini, tuliposikia mlio nyuma yetu. Ni Nesi Rehema kwenye pikipiki, na nyuma yake Bi Mwanahawa, amekaa upande, kasha la baridi limefungwa kwa mpira mgongoni mwa kiti. Wakapunguza mwendo. Nikainuka nikidhani wanasimama.

"Poleni na pancha," Bi Mwanahawa akasema. "Tungewasaidia, ila wa dawa pale Maneromango anafunga saa kumi."

Wakaongeza mwendo. Tope likaturukia miguuni, likampata Daktari Sanga kwenye suruali, na wakapotea kwenye kona.

Helen akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akawatazama hadi mlio ukaisha, kisha akakunja mikono ya shati, akaingia shambani kutafuta jiwe.